Mizani ya Nane

Kuna njia tatu za kusema kwamba unaishi, na mimi nimezikanyaga zote kwa miguu yangu: niko, nimo, nipo. Wenye haraka huzichanganya kama mtu anayemimina rangi tatu kwenye kopo moja, kisha wakashangaa kupata tope. Mimi sizichanganyi. Mimi ni Shaweji, mchora mabango, niliyejifunza mizani ya shairi kwa kugonga vidole kwenye kopo la rangi, bila mwalimu, bila darasa, bila mtu wa kuniambia hapa umekosea, na nasema kifua mbele kwamba kati ya maneno hayo matatu mna safari ndefu. Anayesema niko, hajui aliko. Anayesema nimo, amefungiwa na haoni nje. Anayesema nipo, amesimama mahali, na mahali pale panamjua.

Nipo yangu niliipoteza saa nne asubuhi, juu ya ngazi, mbele ya duka la kinyozi. Nilikuwa nimekwisha kuandika KINYOZI MAARUF, na brashi imechovywa nyekundu kwa ajili ya U ya mwisho. Ngazi ikateleza. Sikuiona ardhi. Niliiona ile U, kubwa, nyekundu, tupu katikati, nami nikaingia humo kama maji yanavyoingia kikombeni.

Nikajikuta mjini.

Mji huo haukuwa na jina. Paa lake lilikuwa mfupa, jeupe, limeinama kama kawa juu ya chakula. Mitaa yake ilijikunja na kujikunja tena, ukuta umelalia ukuta, hata ukitaka kwenda nyumba ya jirani wazunguka nusu ya siku, na ukitaka kwenda mbali wajikuta umeshafika. Watu wake hawahesabiki. Kila mmoja alikaa mlangoni pake na kibatari kidogo mbele yake, na kila mmoja, hili nililijua baadaye, alipewa silabi moja tu tangu kuzaliwa. Huyu alikuwa na *ba*. Yule alikuwa na *ngwe*. Hakuna aliyekuwa na neno zima. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinaitwa neno.

Lakini nilipofika hawakuwa wakisema silabi zao. Walikuwa wakisema *la*. Wote. Kwa pamoja. *La*, na vibatari vyote vinawaka. Kimya, na vibatari vyote vinazimika. *La*. Kimya. *La*. Paa lilitikisika. Kila vilipowaka nilikuwa najiona mikono, na kila vilipozimika sikuwa na mikono, wala sikuwa na mtu wa kuikosa mikono hiyo.

Nikapaza sauti: "Nyie! Niko wapi?"

*La*, wakasema. Nami nikajishika mdomo, kwa sababu nilikuwa nimesema niko.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Nilikuwa nikidhani usingizi mzito ni ukimya. Si ukimya. Ni umati unaokubaliana mno. Chukua watu wote wa mji, wape neno moja, waambie walipaze kwa pamoja, na utapata kelele za kupasua mfupa, lakini ndani ya kelele hizo hamna mtu. Mji uliokubaliana kwa sauti moja umelala, hata kama unapiga makofi. Nimeona mikutano ya namna hiyo kwa macho yangu, kwenye viwanja vya jua, nikiwa juu ya ngazi nachora majina ya wakubwa. Sikujua kwamba nachora usingizi.

Sikutaka kulala. Nikashuka.

Nilishuka kwa sababu chini kulikuwa na sauti isiyosema *la*. Ilikuwa *fuu*, kisha *haa*, kisha *fuu*. Chini kabisa, pale mji unapokuwa mwembamba kama shingo ya mtungi, nilimkuta mwanamke wa makamo amejifunga kanga kiunoni, anasukuma mvukuto mkubwa wa mhunzi. Jasho lilimtiririka. Hakunitazama.

"Shikamoo, bibie."

"Marahaba. Sogea, unanizibia hewa."

"Naitwa Shaweji."

"Naitwa Mwavita. Tumejuana, sasa sogea."

Nikasogea. "Wewe ndiye mwenye mji?"

Akacheka bila kuacha kusukuma. "Mwenye mji! Mimi mwenye mvukuto. Mwenye mji simjui. Nilianza kumpulizia kabla hajapewa jina, na mpaka leo sijamwona. Silali, sipumziki, sili sikukuu. Na unadhani amewahi kusema asante? Hata mara moja? Mshenzi mkubwa yule."

"Huenda ni mimi," nikasema.

Akanipima kutoka utosini mpaka kwenye viatu vyangu vya matone ya rangi. "Wewe? Haya. Asante yangu iko wapi?"

Nikamgeuzia mgongo. Akanionyesha ukuta kwa kidevu. "Acha kununa, fundi rangi. Weka sikio pale. Huko nje wanasema habari za mwenye mji wako."

Nikaweka sikio. Sauti ilikuja kwa mbali, kama ya watu wanaozungumza juu ya kisima nawe uko chini. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamume, ya taratibu, iliyochoka.

"Dada, leo ni siku ya kumi na moja. Nimemwita mara mbili hajajibu. Saa sita hii nitamwita mara ya tatu. Asipojibu, nitaandika kwamba hayumo, na atahamishiwa nyumba ya nyuma."

"Nyumba ya nyuma kuna nini, daktari?"

"Wanalishwa. Wanageuzwa. Wanaoshwa."

"Nani anawaita?"

"Hakuna anayewaita, dada."

Sauti ya pili niliijua kuliko ninavyoijua yangu. Dada yangu Siwema, fundi cherehani, aliyenilea tangu mama afariki, ambaye anaamini mashairi ni ugomvi wa wanaume wasio na kazi. Akasema, "Basi andika hayupo, daktari, maana ni kweli, hayupo. Lakini hayumo usiandike. Ndani hujaingia."

"Tutaona saa sita."

Nikageuka. Mwavita alikuwa anasukuma vilevile.

"Wakiacha kuita," akasema, "hao wa juu watabaki kwenye *la* yao. Mimi nitapuliza, hiyo ndiyo kazi yangu. Nitapuliza hata miaka thelathini. Lakini nitakuwa napulizia jiko lisilo na chungu. Nenda katafute mwenye mji, mwambie aitike. Na ukimpata mwambie Mwavita anamdai neno moja."

Nikapanda mbio.

*

Nilipanda mpaka nikaupita mtaa wa *la*. Sijui nilipitaje. Hatua moja nilikuwa kwenye kelele za pamoja, hatua ya pili nilikuwa sokoni, na kila mtu anasema silabi yake apendavyo, kwa sauti apendayo, huyu *shi*, yule *mbo*, na silabi zikigongana hewani zinazaa vitu. *Ma* ikagongana na *ma*, na mama yangu akatokea amebeba sinia la wali, mzima, mchanga kuliko mimi.

"Umekonda," akasema.

"Mama, mwenye mji yuko wapi?"

"Yuko mtaa wa pili. Kula kwanza."

Nikala na sikushiba. Nikageuka nikamwona kinyozi ananyoa herufi moja moja kutoka kwenye ndevu za mzee, na mzee yule ni mimi, miaka themanini, nimeoa, nimejenga, nimesahau. Nikamwuliza kinyozi: "Mwenye mji?" Akasema: "Yuko juu kidogo." Nikamwuliza mtoto wa miaka sita aliyekaa kwenye ngazi yangu, ana kovu langu gotini. Akasema: "Yuko kule." Kila niliyemuuliza alisema yuko. Yuko, yuko, yuko. Hakuna hata mmoja aliyesema yupo.

Kisha wakanipa utukufu. Sitaficha, niliupenda. Uwanja ulijaa, wakaninyanyua mabegani, wakasema Shaweji soma, nami nikasoma shairi ambalo sijawahi kusikia mfano wake. Lilitoka lenyewe. Vina vilikuwa vya dhahabu. Wanaume wazima walilia. Mpinzani wangu Machano, ambaye tumelumbana miaka mitatu kwa beti na hajawahi kunikubali hata siku moja, alipiga magoti mbele yangu. Nikasema moyoni: hapa nimo. Humu ndimo mwangu. Nitoke niende wapi?

Nimo.

Nikasikia neno lile kama mlango unaofungwa.

Basi nikafanya ninalofanya daima ninapopewa shairi, langu au la adui: nikahesabu mizani kwenye vidole. Mshororo wa kwanza ukanipa kumi na tatu. Nikarudia, ukanipa tisa. Nikatazama vidole vyangu vyenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa na saba. Nikapepesa, ukawa na vinne.

Nikacheka. Wallahi nilicheka mpaka mabega yaliyonibeba yakatetemeka. Waongo wakubwa! Mnaweza kunipa mama, mnaweza kunipa uzee, mnaweza kumpigisha Machano magoti, lakini hesabu hamwezi! Ndoto ni mshairi mwenye vina asiye na mizani. Anapaka rangi bila kupima ukuta. Nikaruka kutoka mabegani mwao, na uwanja ukakunjika kama jamvi.

*

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa imegusana na mfupa. Nilipofika nilikuwa nahema, na kwa chini nilimsikia Mwavita akiongeza mapigo ili kuhema kwangu kupate hewa, na bado sikufikiri kumshukuru. Nikasukuma mlango bila hodi.

Kulikuwa na kiti. Kiti kizuri, cha mpingo, kirefu cha mgongo. Hakuna mtu.

Nikaenda karibu. Kiti hakikuwa na vumbi, lakini pia hakikuwa na alama ya makalio. Hakikuwahi kukaliwa. Wala si kwamba mwenyewe ametoka. Hakuwahi kuwako.

Niseme nini? Nilisimama nimekasirika kama mtu aliyeitwa arusini akakuta uwanja mtupu. Maisha yangu yote nimesema mimi. Mimi Shaweji. Mimi siombi. Mimi najua. Nikidhani kwamba nyuma ya neno hilo kuna mtu amekaa, ana miguu, anaangalia dirishani kupitia macho yangu kama kinyozi anavyoangalia barabara. Na sasa nimefika kwenye dirisha. Nani aliyekuwa akisema mimi? Nani anauliza sasa? Nikajaribu kukikalia kile kiti mwenyewe. Nikapita katikati yake kama moshi.

Huko chini *la* ilikuwa imeanza kupanda. Mtaa baada ya mtaa ulikuwa unaacha silabi yake na kuishika ile moja. Ilikuwa karibu saa sita.

Hapo ndipo ukuta ulipozungumza.

Ilikuwa sauti ya Machano, lakini si ya kupiga magoti. Ilikuwa imekauka. "Siwezi tena, Siwema. Kila siku nimemletea ubeti, kila siku nimemsomea mwenyewe. Leo soma wewe. Mimi nikianza nitaaibika mbele ya daktari."

"Mimi nisome? Mimi na mashairi wapi na wapi?"

"Soma tu. Ni mistari minne."

Karatasi ikachakacha. Na dada yangu, aliyepinda nguo za watoto wa shule maisha yake yote na hajawahi kuhesabu mizani, akasoma kama anayesoma vipimo vya suruali:

"*Umelala kitandani, bingwa uliyesifika,*
*Kalamu i mfukoni, na wino umekauka,*
*Nakuita mlangoni, mara mia nimefika,*
*Kama bado umo ndani, aliyemo* … Machano, hapa umelowesha karatasi. Neno la mwisho halisomeki."

"Malizia tu."

"*Kama bado umo ndani, aliyemo hujibu.*"

Nikasimama.

A-li-ye-mo-hu-ji-bu. Saba.

Saba! Mahali pa nane palibaki wazi kama pengo la jino. Na kina? Sifika, kauka, fika, halafu *hujibu*? Niliungua. Nilihisi pengo lile likipita mji mzima kama upepo unaopita chini ya milango yote kwa mara moja, na jambo la ajabu likatokea: *la* ikakatika. Vibatari havikuwaka wala havikuzimika. Umati wote uligeuza shingo. Walikuwa wamesikia, watu wasiojua neno, kwamba mahali fulani pameachwa wazi.

"Si hujibu!" nikapiga kelele. "Ni *huitika*! Ni tofauti! Kujibu ni kwa anayeulizwa, na swali hata karatasi hulijibu. Kuitika ni kwa anayeitwa, na jina haliitikiwi ila na mwenyewe! Huitika!"

Hakuna aliyenisikia. Nilikuwa na neno zima, na mji ule haukuwa na sikio la kusikia neno zima.

Basi nikashuka kuwatafuta. *Hu* nilimkuta mtaa wa kusini, kijana anayeona haya. Nikamshika mkono. *I* alikuwa bibi mwembamba, amekaa peke yake, anasema hajawahi kuhitajika. "Leo unahitajika, bibi, bila wewe tunabaki saba." *Ti* alikuwa mbishi, anataka kwenda wa kwanza. Nikamwambia ukitangulia unaharibu, subiri zamu yako, na zamu yako ndiyo cheo chako. *Ka* sikumwona. Nikazunguka mitaa iliyojikunja, nikiita, nikimkosa, na ukutani nasikia viatu vya daktari vinakuja, mpaka nikamkuta amekaa mlangoni pa nyumba ya jirani na nilipoanzia.

Nikawapanga kama ninavyopanga herufi ukutani, kila mmoja na nafasi yake, asimlalie mwenzake. "Msiseme pamoja," nikawaambia. "Kusema pamoja tumeshakujaribu. Mfuatane, na kila mmoja amsikie aliyemtangulia."

*Hu*, akasema kijana.

*I*, akasema bibi, na alipokuwa akisema alimtazama kijana.

*Ti*.

*Ka*.

Na mtaa wa jirani ukaitika kwa silabi zake, tofauti. Na mtaa wa nne ukaujibu ule. Vibatari vikawaka hapa, vikazimika pale, vikakimbizana mitaani, hakuna viwili vinavyofanana na hakuna hata kimoja kilicho peke yake, na mji mzima, watu wasiohesabika wenye silabi moja moja, ukaanza kusema kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekijua. Nikasikiliza. Walikuwa wanasema *mimi*.

Nikacheka kwa furaha na nikatafuta mahali pa kusimama nicheke vizuri, na hapo nikagundua kwamba sikuwa nimesimama popote mjini. Sikuwa mtaani. Sikuwa kwenye kiti. Mimi nilikuwa ndilo shairi lenyewe, na shairi halikai kitini. Linaishi pale linaposomwa.

Paa la mfupa likafunguka. Mwanga ukaingia, na maumivu, mengi, matamu, yangu.

*

"…huitika," nikasema.

Mwanga wa taa juu. Harufu ya dawa. Uso wa Siwema, mkubwa kama ukuta.

"Nini?" akasema. "Machano! Amesema nini?"

Koo langu lilikuwa msasa. "Si … hujibu. Huitika. Mizani nane, dada. Umetia saba."

Siwema akanishika mashavu kwa mikono miwili, machozi yanamwagika, na akanifokea: "Siku kumi na moja! Siku kumi na moja nakuosha, nakuombea, nakulilia, na unaamka kunisahihisha?"

Machano alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa anacheka na hawezi kuacha. "Beti kumi nimekusomea! Kumi kamili, zimenyooka, vina kama shanga! Hukutikisa hata ukope. Dada yako anaharibu mshororo mmoja, unafufuka!"

"Za kwako," nikasema, "zilikuwa hazina … kitu cha kurekebisha."

Miaka mitatu alikuwa akingoja kusikia hilo.

Mlango ukafunguliwa. Daktari, saa mkononi, tochi ndogo mfukoni, akasimama pale pale. Lakini mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Akaja, akainama, akaita kama alivyokuja kuita:

"Shaweji!"

"Naam."

"Unajua uko wapi?"

"Siko, daktari," nikasema. "Nipo."

Akaitoa karatasi yake, akaitazama, akaikunja mara nne.

Na kwa kuwa aliyerushiwa ubeti hulazimika kuurudisha kwa vina vilevile, nikamwomba Siwema anihesabie kwenye vidole, nami nikamrudishia Machano palepale, neno kwa neno, nikipumzika kila kipande:

*Nilikuwa safarini, na leo nimezinduka,*
*Hakuna mtu kitini, ni umati waitika,*
*Silabi moja kinywani, zikipangwa nasikika,*
*Machano futa huzuni, aliyemo kaitika.*

"Nane," alikuwa akisema Siwema, kidole kwa kidole. "Nane. Nane. Nane. Yote nane." Kisha, akipangusa pua kwa kanga: "Na kinyozi anakungoja. Watu wanamcheka kwa ile MAARUF yake."

Nitapanda ngazi ile. Nitaiweka U yake, nyekundu, na nitaipaka mara mbili. Lakini kabla ya hapo nilikuwa na deni dogo la neno moja. Nikafumba macho, wakashtuka wote watatu, nikawaonyesha kwa mkono watulie. Nikavuta pumzi ndefu, ya kwanza niliyoivuta nikijua ninavuta. *Fuu*. *Haa*.

"Asante, Mwavita," nikasema.

Na chini kabisa, pale mji unapokuwa mwembamba kama shingo ya mtungi, mvukuto ukakosa pigo moja, kama mtu aliyeshtuka kusikia jina lake likiitwa, kisha ukaendelea.